Haiba ya Gari la Mtu wa Mshahara

Wafaransa huliita coupé gari la milango miwili lenye paa fupi lililoinama kuelekea nyuma, na maana ya neno hilo ni kitu kilichokatwa. Waitalia, ambao katika mambo ya magari si wepesi wa kuazima, wamelipokea kama lilivyo. Kiswahili kikilichukua kwa sauti yake hulifanya kupe, yule mdudu afyonzaye damu ya ng'ombe. Mtu aliyepata kumiliki gari la namna hiyo miaka michache, akaketi usiku kuzihesabu stakabadhi za fundi, hataona kosa kubwa katika tafsiri hii. Hata hivyo kesho yake asubuhi atatoka nje na kitambaa mkononi alifute umande. Kati ya stakabadhi za usiku na kitambaa cha asubuhi pana jambo linalostahili kuchunguzwa. Kwa nini mtu mwenye akili timamu, wala si tajiri, hupenda gari la zamani ambalo si la haraka tena, si la lazima, na ambalo aghalabu majirani zake hawalijui hata jina?

Mfano mwema wa gari hilo ni Fiat 124 Sport Coupé, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Geneva katika mwezi wa Machi 1967. Magari ya Italia yaliyo maarufu kuliko hilo ni mengi, lakini umaarufu wao ni mzigo juu ya bei yao. Hili lilitengenezwa Turin, na kampuni iliyotengeneza pia magari ya makarani, matrekta ya wakulima na malori ya mchanga. Lilikusudiwa mtu wa mshahara.

Yafaa kuitazama kwanza nchi lilikotoka. Vita vilipokwisha katika 1945, Italia ilikuwa na madaraja yaliyovunjika na watu wenye njaa. Mtu wa kawaida alikwenda kwa miguu au kwa baiskeli. Aliyefanikiwa kidogo alipanda Vespa, iliyoanza kuuzwa katika 1946, na nyuma yake aliketi mke, na mbele yake alisimama mtoto. Kisha ikaja Fiat 600 katika 1955, na Fiat 500 mpya katika 1957, vigari vidogo kama makasha ya viatu, na jamaa nzima ikapata kuingia chini ya paa moja bila ya kunyeshewa. Katika 1964 ilikamilika barabara kuu ya kutoka Milan hadi Napoli, zaidi ya kilomita 750, nao wakaiita Barabara ya Jua. Mtu aliyeendesha kigari chake juu ya barabara hiyo alikaa upande wa kulia na kuona upande wa kushoto akipitwa na Maserati au Ferrari, ikapiga upepo na kutoweka. Alijua kwamba hatalipata gari lile maisha yake yote. Lakini alikuwa amekwisha kuliona, na jicho likiisha kuona haliwezi kuambiwa halikuona.

Kati ya kigari cha haja na gari la ndoto palikuwa na bonde pana. Wafanya biashara wengi walijaribu kulijaza kwa hila: walichukua gari la kawaida, wakalivika vazi la umbo la mbio, wakaacha ndani yake moyo ule ule wa karani. Hila hiyo hugunduliwa katika kilima cha kwanza. Tofauti ya Fiat 124 Sport Coupé ni kwamba moyo wake ulifanywa na mtu aliyeifanya mioyo ya magari ya ndoto yenyewe.

Mtu huyo ni Aurelio Lampredi, mzaliwa wa Livorno, aliyezaliwa katika 1917. Baada ya vita aliingia katika kazi kwa Enzo Ferrari, na huko akachora injini za silinda 12 ambazo mojawapo, katika 1951 pale Silverstone, ilimpa Ferrari ushindi wake wa kwanza katika mashindano ya ubingwa wa dunia, mbele ya Alfa Romeo zilizokuwa hazishindiki. Kisha akachora injini ya namna nyingine, ya silinda nne tu na lita mbili, nyepesi na sahili, na kwa injini hiyo Alberto Ascari alitwaa ubingwa wa dunia katika 1952 na tena katika 1953. Katika 1955 Lampredi aliondoka kwa Ferrari akaenda Fiat. Wako watakaosema kwamba alishuka. Mtu aliyezoea kutengeneza kitu kimoja kwa ajili ya bingwa mmoja alikwenda kutengeneza vitu elfu kwa ajili ya watu wasiojulikana. Lakini hapana shaka kwamba kuchora injini itakayoendeshwa na bingwa, na kufunguliwa kila juma na mafundi hodari, ni kazi nyepesi kuliko kuchora injini itakayoendeshwa na daktari wa meno aliyesahau kubadili oili.

Alichofanya kwa ajili ya 124 chastahili kuelezwa taratibu. Alichukua kitako cha injini ya gari la kawaida la jina hilo, iliyokuwa na ukubwa wa sentimita za ujazo 1,197, akapanua silinda hata kufika 1,438, na juu yake akaweka kichwa kipya cha alumini. Katika injini nyingi za wakati ule kamshafti, ile fito ya chuma yenye vinundu inayofungua na kufunga valvu, ilikuwa moja, nayo ililala chini, ikizisukuma valvu kwa vijiti virefu. Lampredi alizipandisha juu, zikawa mbili, moja ya valvu za kuingiza hewa na petroli, na moja ya valvu za kutoa moshi. Hivyo ndivyo zilivyofanywa injini za mbio. Vijiti vikaondoka, uzito ukapungua, injini ikaweza kuzunguka kwa kasi bila ya kulalamika. Ilitoa nguvu za farasi 90, na gari likaweza kukimbia kilomita 170 kwa saa.

Kufikia hapo alikuwa amewapa watu wa mshahara kitu cha mabwana. Alilolifanya zaidi ya hapo ni kukifanya kitu hicho kiweze kutunzwa na watu wa mshahara pia. Injini za kamshafti mbili zilikuwa zikizungushwa kwa minyororo au kwa meno ya chuma, vitu vya gharama na vya makelele. Yeye akatumia mkanda wa mpira wenye meno, ulio rahisi kubadilishwa na usiohitaji oili. Tena, kusawazisha nafasi ya valvu katika injini za namna hiyo kulikuwa kazi ya kutisha: fundi alilazimika kuzing'oa kamshafti, kupima, kubadili kisahani cha chuma kilichofichika chini, kurudisha, na kupima tena, na akikosea, kuanza upya. Lampredi alikiweka kisahani juu, mahali ambapo fundi wa kijijini, mwenye kifaa kidogo cha kukandamiza, aweza kukichomoa na kutia kingine bila ya kuing'oa kamshafti. Wasifu wengi wa gari hili husifu sauti yake na kasi yake. Sifa ya kisahani hicho ni ndogo katika vitabu vyao, lakini kwa mtu alipaye fundi kwa saa, hiki ndicho kitendo cha ukarimu kuliko vyote vilivyomo chini ya boneti. Waswahili husema: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Injini hiyo iliishi zaidi ya miaka 30, ikikuzwa, ikiongezwa, ikitiwa valvu nyingi na pampu za kusukuma hewa. Ilishinda ubingwa wa dunia wa mashindano ya barabara ngumu ndani ya Fiat 131 Abarth katika 1977, 1978 na 1980, na uzao wake ulikuwa ndani ya Lancia Delta iliyofuata. Msomaji wa Kenya aliyesimama kando ya barabara ya vumbi siku za Pasaka kuyatazama magari ya Safari, aliusikia uzao huo kwa masikio yake, yamkini bila ya kujua nasaba yake: Miki Biasion alishinda Safari kwa Lancia Delta katika 1988 na 1989, na Juha Kankkunen katika 1991. Kitu kilichovuma katika tope na mawe ya Bonde la Ufa kilikuwa kimeanza maisha yake ndani ya gari la kwenda nalo ofisini.

Umbo la gari ni habari fupi zaidi, maana uzuri wa umbo huonwa kuliko unavyoelezwa. Lilichorwa ndani ya Fiat yenyewe, chini ya Mario Boano, mzee wa kazi aliyekuwa na karakana yake mwenyewe hapo kabla na kuifanyia Ferrari miili ya magari. Hakuna katika coupé hiyo ya kwanza mstari mmoja uliowekwa kwa kujionyesha. Paa ni jembamba, nguzo zake nyembamba, vioo ni vikubwa, na dereva huona pande zote kama mtu aliyeketi barazani. Ndani mna viti vinne vinavyokalika. Gari nyingi za mbio humwambia mtu achague kati ya furaha yake na watoto wake. Hili liliwachukua watoto nyuma. Mbele ya dereva zimepangwa saa za duara, kila moja na neno lake: kasi, mzunguko, oili, maji, petroli. Breki zake zilikuwa za diski katika magurudumu yote manne, jambo ambalo magari mengi ya bei kubwa kuliko yake yalikuwa hayajalipata.

Na iko habari moja ya taa za nyuma ambayo wapenzi wa gari hili huisimulia kwa tabasamu. Lamborghini, kampuni ya magari ya matajiri wakubwa, ilipotoa Espada katika 1968, gari la silinda 12 na la bei ya kumwezesha mtu kujenga nyumba, iliitia nyuma taa zile zile za Fiat 124 Sport Coupé. Aghalabu maskini huazima nguo kwa tajiri aende nayo harusini. Hapa tajiri ndiye aliyeazima.

Ikiwa ndivyo lilivyo, kwa nini bei yake ilikuwa ndogo, na hata leo ni sehemu ndogo tu ya bei ya Ferrari ya miaka ile, na ni chini ya bei ya rika lake Alfa Romeo Giulia Sprint GT? Sababu ni jina na idadi. Jina lake ni jina la gari la milango minne, sanduku la heshima lisilo na makuu, lililochaguliwa kuwa gari la mwaka la Ulaya kwa 1967, kisha likauzwa kama mchoro kwa Urusi ya Kisovieti. Huko ukajengwa mji wa viwanda kando ya mto Volga, ukiitwa kwa jina la Togliatti, kiongozi wa wakomunisti wa Italia, na kuanzia 1970 magari yaliyotokana na 124 yakamiminika kwa mamilioni. Wa mwisho wa ukoo ule walitengenezwa hata 2012. Coupé ilikuwa ndugu wa damu wa gari la teksi la Moscow. Watu hununua majina kabla ya kununua vitu, na jina lililoko kila mahali halina bei popote. Na coupé zenyewe, kwa sura zake tatu kati ya 1967 na miaka ya katikati ya 1970, zilitengenezwa zaidi ya robo milioni. Kilicho kingi hakilindwi.

Hapa ndipo palipo na msiba wa gari hili, nao haukuletwa na ubaya wake. Bati lake lilikuwa jembamba, na mashimo yaliyomo ndani ya vizingiti vya milango na viungo vya chini hayakupakwa kinga ya kutosha. Maji yaliingia yakakaa. Katika nchi za baridi, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, kutu ilianza kula kutoka ndani kwenda nje, na mwenye gari aliiona rangi ikitoka malengelenge siku ambayo chuma kilikuwa kimekwisha kuwa unga. Husemwa sana kwamba chuma chenyewe kilikuwa kibovu, kilicholetwa kutoka Urusi kuwa malipo ya kiwanda kile cha Volga. Hadithi hii ni tamu, ndiyo maana haifi, lakini magari ya Italia ya kabla ya mapatano yale yaliota kutu vile vile, na ya Uingereza na Ufaransa pia. Maji na chumvi vyatosha kuwa sababu.

Gari la Ferrari likiota kutu, huponywa. Mwenyewe hulipa, maana akilipa shilingi kumi hupata gari la shilingi mia. Coupé ya Fiat ilipoota kutu katika miaka ya 1980, fundi alimwambia mwenyewe bei ya kuunganisha bati, na bei hiyo ilikuwa kubwa kuliko bei ya gari zima. Mtu wa mshahara ajua hesabu. Alilisukuma uani, akaondoka. Si chache zilizovunjwa ili injini na giaboksi zake zimponye ndugu yake asiye na paa, Spider, aliyeendelea kutengenezwa hata 1985 na kupendwa sana Marekani. Hivyo kitu kilichokuwa kizuri kwa sababu kiliwafikia watu wengi kilikufa kwa sababu hiyo hiyo. Urahisi uliolizaa gari ndio uliolizika.

Kuna wanaosema kwamba dawa ni bei kupanda, na hesabu yao ni ya kweli: gari likipata thamani, watu watalitengeneza badala ya kulivunja. Bei imeanza kupanda, na magari yaliyokuwa yakioza katika mabanda yanatolewa nje na kupakwa rangi. Lakini ikiendelea kupanda, gari litaokolewa kwa kutolewa mikononi mwa wale lililotengenezwa kwa ajili yao. Litakaa chini ya kitambaa cha hariri katika chumba cha mtu mwenye mengine kumi, litatolewa mara moja kwa mwaka, na kisahani cha Lampredi, kilichowekwa juu ili fundi maskini asihangaike, kitamrahisishia kazi fundi asiyekuwa na haraka wala uhitaji. Bati litapona. Kama kitakachopona ni gari lile lile, ni swali ambalo wapenzi wake hawapatani, na pengine ni heri wasipatane.

Kwa sasa mlango haujafungwa. Bado mtu wa mapato ya wastani huko Piedmont, akiweka akiba ya miaka miwili mitatu, aweza kusoma tangazo, kupanda treni siku ya Jumamosi, na kwenda kuliona gari katika banda la mtu. Ajua kwamba gari la familia analolitumia kila siku litaishinda coupé hiyo katika kila kipimo kinachoandikwa kwa tarakimu. Hakufuata tarakimu. Katika gari lake la kila siku kilomita 120 kwa saa ni ukimya na usingizi. Katika hili kilomita 70 ni shughuli ya mwili mzima. Usukani humwambia mkono habari za barabara. Kijiti cha gia ni kifupi na huingia mahali pake kwa mlio mdogo wa chuma safi. Kabureta huvuta hewa kwa sauti ya mtu anywaye uji wa moto, na mshale wa mzunguko ukipita elfu nne sauti hiyo hubadilika ikawa wimbo, na mtu mwenye mkopo wa nyumba na watoto wawili husikia, katika kona ya barabara ya mlimani, alichokisikia Ascari, kwa kipimo chake. Si ndoto ya kuwa tajiri. Ni kupata kitu kilichofanywa kwa akili zote za mtu hodari, kikakusudiwa kwa ajili yake, na kisiwe makombo.

Ndiyo maana ameleta, mbali na fedha, vitu vitatu: tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, na bisibisi. Mwenye gari, mzee aliyelinunua jipya, amesimama mlangoni mwa banda na hasemi neno, ajua kinachofuata. Mnunuzi hasikilizi injini kwanza, maana injini hutengenezeka, na vipuri vyake vingali vinapatikana. Hatazami viti. Anatandika boksi la karatasi juu ya sakafu, analala chali, na kujisogeza chini ya kizingiti cha mlango wa kushoto. Anapitisha sumaku taratibu kutoka gurudumu la mbele kwenda la nyuma; mahali palipozibwa kwa utomvu na rangi sumaku haishiki. Inashika, inashika tena. Kisha anageuza bisibisi na kugonga kwa mpini wake. Chuma kinalia. Anajisogeza nje, anajikung'uta vumbi mabegani, anaokota boksi lake, na kuzunguka nyuma ya gari, mbele ya taa zile, kwenda upande wa pili.